Doa chini ya ulimi

Mzee alifika saa mbili asubuhi, kapu la ukili mkononi, na kabla sijampa kiti alishauliza jogoo yuko wapi. Alikuwa ametoka Muheza siku iliyotangulia, akalala kwa mwanawe Mbagala, asubuhi akadandia daladala mpaka kwangu Kibaha.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Ndiye yule?"

Ndiye yule. Ayam cemani, kuku wa asili ya Java anayetakiwa awe mweusi ndani na nje. Miezi saba, mweusi ti, manyoya yakipigwa na jua yanatoa ukijani kama mgongo wa mbawakawa. Upanga mweusi, ndevu nyeusi, miguu myeusi mpaka kucha. Nikamkamata, nikambana kwapani, na kama ninavyofanya mbele ya kila mteja nikabonyeza pembe za mdomo kwa kidole gumba na cha shahada ili mzee aone ndani. Ulimi mweusi. Kaakaa jeusi. Mzee akatikisa kichwa kwa kuridhika, akaingiza mkono kwenye mfuko wa ndani wa koti.

Jogoo akainua ulimi.

Chini yake, upande wa kushoto, palikuwa na doa dogo kama punje ya ulezi, rangi ya fizi za mtoto mchanga.

Nikauachia mdomo ukajifunga. Mzee hakuona, alikuwa anahesabu noti. Nikamwambia jogoo amekuwa akiharisha tangu juzi, nisingependa aondoke na kuku mgonjwa, anipe wiki chache. Akazirudisha pesa mfukoni, akanishukuru. "Watu waaminifu kama wewe siku hizi hawapo," alisema. Akachukua kapu lake tupu, akaondoka.

Jogoo hakuwa akiharisha.

Leo ni wiki ya saba na maneno yale ya mzee hayajanitoka. Nimejaribu kuandika kuhusu chanjo, nimejaribu kuandika kuhusu banda jipya la majirani, kila nikianza narudi pale pale: kwenye ule mdomo niliouacha ujifunge.

Zambarau

Mnaonisoma siku zote mnajua nilivyoanza, kwa hiyo sitarudia habari za ayam cemani tangu mwanzo. Nitasema tu ambalo sikulisema wakati ule.

Niliagiza mayai 12 kutoka kwa mfugaji wa mkoa mwingine, yai moja shilingi 20,000. Yalikuja kwa basi ndani ya ndoo ya plastiki iliyojazwa pumba za mpunga. Nikayasimamisha usiku mzima, ncha iliyochongoka chini, ili kile kifuko cha hewa kitulie baada ya mtikisiko wa barabara, kisha nikayagawa kwa kuku wawili wa kienyeji waliokuwa wameshaanza kuatamia. Siku ya 21 wakaanguliwa saba. Mmoja akafa siku ya tatu. Wakabaki pora wawili na mitetea minne.

Pora mmoja nilimwuza mapema. Yule mwingine ndiye aliyekuwa baba wa kundi langu lote, na alikuwa mzuri kupita maelezo. Ila upanga wake, alipofika miezi mitano, ulianza kuwa na rangi ya zambarau iliyoiva pembezoni. Kwa mbali ni mweusi. Ukimsogeza kwenye mwanga unaona kuna wekundu umejificha nyuma ya weusi.

Nikampigia simu aliyeniuzia mayai.

"Ah, hiyo itakolea akikua, dada. Ni damu changa."

Haikukolea. Na mimi sikuuliza tena, kwa sababu wakati huo nilikuwa nimeshapata oda za mayai.

Hapo ndipo penye kiini cha biashara hii. Ukinunua ng'ombe unamwona. Ukinunua hata kuku wa mayai, baada ya muda fulani anataga au hatagi, ukweli unajulikana. Lakini anayenunua yai la cemani ananunua ganda la rangi ya krimu lisilo na tofauti na yai lolote la kienyeji (na wanaoweka mitandaoni picha za mayai meusi tii wakisema ni ya cemani wanadanganya, hayapo). Anayenunua kifaranga ananunua kitu ambacho hata mwenye nacho hajui kitakuwaje miezi sita baadaye. Thamani yote imekaa kwenye weusi ambao bado haujaonekana. Kinachonunuliwa siku ile ni kauli ya muuzaji.

Na kauli yangu ilikuwa imesimama juu ya kauli ya mtu mwingine, ambaye sijui yake ilisimama juu ya nini.

Vifaranga watano

Kundi la kwanza nililoangulisha mwenyewe lilikuwa vifaranga 31. Kati yao, watano walikuwa na miguu myeupe na ngozi nyeupe tumboni. Si kijivu, nyeupe, kama kifaranga yeyote wa uani.

Niliwatenga siku hiyo hiyo. Nikampa jirani.

Kama kuna siku moja ningeomba nirudishiwe, ni ile. Jibu la maswali yote niliyokuja kujiuliza baadaye lilikuwa limelala kwenye tenga, linalia, na mimi nikaligawa lisionekane.

Mambo yenyewe yako hivi. Weusi wa kuku hawa si rangi ya manyoya tu. Unaingia kwenye ngozi, unaingia kwenye utando unaofunika mifupa, kwenye firigisi, mpaka kwenye mirija ya koo. Damu yenyewe hubaki nyekundu. Mwaka 2011 watafiti walionyesha chanzo chake: sehemu ya kromosomu ya 20 ya kuku imejirudia, na ndani ya sehemu hiyo kuna jeni inayoitwa EDN3, inayochochea chembe zinazotengeneza rangi. Kifaranga akiwa bado ni kijusi ndani ya yai, chembe hizo kwa kawaida huelekea kwenye ngozi na manyoya zikakoma huko. Kwa kuku hawa zinaongezeka mno na kutapakaa mpaka mahali zisipokuwa na kazi.

Kosa hilo moja la maumbile ndilo lililozaa kuku weusi wote wa namna hii. Silkie wa China mwenye manyoya kama pamba, kadaknath wa Jhabua kule Madhya Pradesh nchini India, cemani wa Java, wote wamebeba mabadiliko yale yale. Hata Wasweden wanao, wanamwita svarthöna, na wana simulizi kwamba mababu zake waliletwa na mabaharia kutoka Msumbiji. Niliposoma hilo nilifurahi sana, nikadhani nimepata kipande cha pwani yetu kule Ulaya. Lakini vinasaba vyake vinaonyesha asili ni ile ile ya Asia. Kama meli ilipita Msumbiji kweli, basi ilipita tu.

Turudi kwenye tenga. Kila kuku hubeba nakala mbili za jeni, moja kutoka kwa baba na nyingine kwa mama. Kuku mwenye nakala mbili za weusi ni mweusi barabara na kila mtoto atamrithisha weusi. Mwenye nakala moja naye huonekana mweusi, wakati mwingine mweusi wa kumdanganya hata mzoefu, ila mara nyingi weusi wake una upungufu mahali fulani: upanga wa zambarau, ulimi wenye kijivu, doa chini ya ulimi. Ukimkutanisha jogoo mwenye nakala moja na mtetea mwenye nakala moja, kati ya kila vifaranga wanne, kwa wastani, mmoja hatapata weusi kabisa.

Wazazi wenye nakala mbili mbili hawazai kifaranga mweupe. Hawawezi.

Kwa hiyo wale watano walikuwa wakinieleza kwa lugha nyepesi kwamba mayai yangu ya shilingi 20,000 yalitoka kwenye uchotara. Mtu fulani huko nyuma alichukua jogoo wa cemani akampandisha kwa kuku weusi wa kienyeji, wale wenye miguu ya kijivu, wakatoka watoto wanaofanana na baba. Na kibaya zaidi ni hesabu ya waliobaki: katika mchanganyiko wa namna hiyo, kati ya kila weusi watatu unaowaona wawili wamebeba nakala moja tu. Hao ndio niliowauza kama halisi.

Aliyeniuzia mayai, nilipompigia kuhusu wale watano, alisema ni joto la kuatamia lilipungua. Nilitaka kumwamini. Sijui kama kuna namna nyingine ya kulisema hili. Nilitaka, nikaamini.

Mama wa usiku

Kuna jambo jingine, na hili ni zito kwangu kuliko doa.

Kila anayefuga kuku weusi hapa kwetu anazijua simu za jioni. Mtu hajitambulishi vizuri, anauliza kwa sauti ya chini kama unaye kuku mweusi asiye na doa hata moja. Unajua anatoka wapi na ametumwa nini. Wala si kwetu tu: kule Java pia kuku hawa wamekuwa sehemu ya sadaka na tambiko kwa miaka mingi, kabla hawajapelekwa Ulaya. Jan Steverink, Mholanzi, aliwapeleka Uholanzi mwaka 1998.

Mwaka jana, saa mbili usiku, mama mmoja alikuja na bodaboda. Kitenge kimoja kiunoni, kingine mabegani, macho yamevimba. Mtoto wake anaumwa wiki ya tatu, ameambiwa alete kuku mweusi, mweusi wa kweli, ndani na nje. Nikamwonyesha mtetea. Nikamfungulia mdomo chini ya taa ya simu.

Nilimwuzia kwa shilingi 120,000.

Akalipa kwa noti za elfu mbili mbili na elfu moja moja, zimekunjwa zikakunjika. Nilizihesabu mbele yake. Nilizihesabu mara mbili.

Sikumuuliza mtoto anaumwa nini. Sikumwambia ampeleke hospitali kwanza. Sikumwambia hata kwamba kuku mweusi wa kienyeji wa shilingi 30,000 angetosha kwa alichotumwa, maana hakuna mganga anayefungua ulimi wa kuku akaangalia chini yake. Nilikuwa na kitu adimu na yeye alikuwa na shida, na bei ikapanda katikati yetu.

Namba yake sina. Kwenye daftari langu nimeandika "mama, bodaboda, usiku" na bei. Ndiye mteja pekee nisiyeweza kumtafuta.

Tangu wakati huo simu za jioni siziuzii kuku. Nauliza nani anaumwa. Wengi hukata.

Damu mpya

Msinielewe vibaya kuhusu uchotara wenyewe. Nimefikiri sana juu ya hili na sitaki niwe kama wale wanaopiga kelele za "damu safi" bila kujua wanachoomba.

Kuku hawa ni wachache hapa nchini. Kuingiza kuku na vifaranga kutoka nje kumebanwa tangu hofu ya mafua ya ndege ya miaka ya 2000, na anayedhani atapenyeza akumbuke mwaka 2017, vifaranga 6,400 waliovushwa kutoka Kenya walivyokamatwa Namanga wakateketezwa. Picha zile hazijanitoka. Lakini sababu ya zuio naielewa, nimeshaona kideri kikimaliza banda kwa siku nne, na kideri hakitofautishi kuku wa elfu ishirini na kuku wa laki.

Matokeo yake ni kwamba tunazungushiana kuku wale wale. Kaka kwa dada, baba kwa binti, mwaka baada ya mwaka. Nimeyaona matunda yake bandani: mayai 15 chini ya kuku, unayamulika siku ya saba, sita ni maji matupu. Vifaranga wenye vidole vilivyopinda. Wengine wanafika siku ya 20, wanatoboa ganda, wanachoka, wanafia humo humo mdomo ukiwa nje. Hakuna kinachoniumiza kama huo mdomo mdogo mweusi uliotokeza kwenye ganda na hausogei.

Kuku wa kienyeji akiingizwa kwenye kundi kama hilo ni tiba. Watoto wake wanakimbia, wanakula, hawafi ovyo. Mfugaji mwenye subira anaweza kuchanganya, kisha akarudisha weusi kizazi baada ya kizazi, akitenga, akiandika, akipima. Ingechukua miaka, na angekuwa amefanya kazi ya maana.

Ila lazima aseme. Akisema "huyu ni chotara wa kizazi cha kwanza", mnunuzi anajua anachukua nini na atamkutanisha na nani. Akinyamaza, kosa linasafiri. Mimi nilinunua ukimya wa mtu, nikaufuga, ukazaliana, nikauuza kwa watu 11.

Halafu kuna bei. Zaidi ya miaka 10 iliyopita mfugaji mmoja wa Florida aliuza cemani kwa dola 2,500 mmoja, na namba hiyo mpaka leo inazunguka kwenye makundi ya WhatsApp kana kwamba ndiyo bei ya soko la Kibaha. Haina uhusiano wowote na sisi. Nani kati yetu amesahau kware? Mwaka 2013 na 2014 yai la kware lilikuwa dawa ya kila kitu, watu wakauza viwanja wakajenga vizimba, na ukiangalia vizuri wanunuzi wenyewe walikuwa ni wafugaji wapya waliotaka mbegu. Siku wafugaji wapya walipoisha, soko likaisha. India nako, jimbo la Maharashtra, mwaka 2019 maelfu ya wakulima walilalamika kwamba walitoa pesa wafuge kadaknath kwa ahadi kwamba kuku na mayai yatanunuliwa, na ahadi ikayeyuka.

Nilipitia daftari langu nikihesabu ni wateja wangapi walinunua cemani ili wale, au wapendezeshe ua wao. Wawili. Ukimtoa yule mama wa usiku, waliobaki wote walinunua ili na wao wauze.

Kujaribu jogoo

Siku mzee aliporudi Muheza nilikaa na yule jogoo mpaka mchana. Nilimfungua mdomo kama mara kumi, nikitumaini ni uchafu, ni mabaki ya chakula, ni kidonda. Nilisugua kwa kitambaa chenye maji ya uvuguvugu. Doa lilibaki doa.

Doa peke yake halithibitishi. Kuna wenye nakala mbili waliozaliwa na kasoro ndogo, na kuna wa nakala moja walio safi mpaka kooni. Njia pekee niliyokuwa nayo ni ile ya zamani: mpe wake wa kawaida, uone watoto.

Na wake wenyewe lazima uwachague. Kuna jeni nyingine inayozuia weusi usikae kwenye ngozi, hupatikana sana kwa kuku wa kisasa wenye miguu ya njano, nayo hupita kwa namna ya ajabu: mtetea humrithisha mtoto wa kiume tu, wa kike hampi. Ukimjaribu jogoo kwa mitetea ya namna hiyo utapata wa kike weusi na wa kiume waliopauka, utachanganyikiwa. Kwa hiyo niliazima mitetea miwili ya kienyeji yenye miguu ya kijivu kwa Bibi wa nyumba ya tatu.

"Unataka kuwafanyia nini kuku wangu?" aliuliza.

Nikamweleza yote. Ni mtu wa kwanza kumweleza.

Akanisikiliza huku anachambua mchele, hakuinua uso. Mwisho akasema, "Basi chukua na yule wa tatu. Anaatamia vizuri, hatakuangusha."

Hesabu niliyojiwekea ilikuwa hii. Jogoo akiwa na nakala mbili, watoto wote watakuwa na ngozi nyeusi. Akiwa na moja, nusu watakuwa weupe. Uwezekano wa jogoo mwenye nakala moja kutoa vifaranga 10 weusi wote kwa bahati tu ni mmoja katika 1,024. Hapo ningelala usingizi.

Nilikusanya mayai 14 kwa siku kumi, nikampa yule wa tatu. Siku ya saba nikayamulika, mawili hayakuwa na kitu. Siku ya 21, Jumatano, niliamka saa kumi alfajiri na tochi. Bibi alikuwa ameshafika, amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa nje ya banda, ushungi umemfunika mpaka mdomoni.

Wakatoka 11. Nikawa nachukua mmoja mmoja kutoka chini ya mama yao, nageuza tumbo, namulika.

Mweusi. Mweusi. Mweupe.

Bibi alikuwa anahesabu kwa sauti ndogo, weusi kwa mkono wa kulia, weupe kwa wa kushoto. Mpaka mwisho, sita kulia, watano kushoto.

"Haya," alisema. "Sasa unajua."

Daftari

Watu 11, kuku na vifaranga 34, mayai siyahesabu. Nilianza kupiga simu Alhamisi.

Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi. Yalikuja kidogo tu. Wa kwanza alicheka, akasema yeye alitaka rangi ya nje tu apendezeshe hoteli yake, kuku wanazunguka bustanini wageni wanapiga picha, nisijisumbue. Wa pili alinyamaza kwa muda mrefu nikadhani simu imekatika, kisha akaniuliza swali ambalo sikuwa na jibu lake: "Na mimi niliowauzia watoto wao, niwaambie nini?"

Nilimwambia awaambie nilichomwambia mimi. Akakata.

Mwingine aliniambia niache kuharibu soko. Alisema tukianza kufungua midomo ya kuku hadharani hakuna atakayenunua, tutabaki na hasara sote, na mimi ndiye nitakuwa nimeileta. Kijana mzuri, ana watoto wadogo, ameweka akiba yake yote kwenye mitetea yangu minane. Sikumjibu kwa hasira. Anachokiogopa ni cha kweli. Nimemwahidi kumrudishia tofauti ya bei, kidogo kidogo kila mwezi, na hajasema ndiyo wala hapana.

Watatu nimeshamalizana nao. Wawili hawapokei. Mmoja namba yake haipatikani.

Jina la mzee niliruka kila mara. Ni mteja wangu tangu mwaka jana, mitetea yake mitatu ilitoka kwenye mayai yangu, na alikuwa anataka jogoo wa kuwapanda. Nilimpigia wa mwisho, nikashindwa kusema. Nikamwambia nitakuja.

Muheza

Nilifika saa tisa na nusu, boksi lenye matundu mapajani tangu Kibaha, jogoo ndani. Mzee alikuwa chini ya mchungwa. Nilipokea chungwa nililomenyewa, nikaliweka kwenye kisahani, sikulila.

"Mzee, siku ile jogoo hakuwa anaharisha."

Nikasema yote, kuanzia zambarau mpaka vifaranga vya Jumatano. Akasikiliza. Aliuliza maswali mawili, la kwanza kama mitetea yake nayo imo, nikasema huenda, la pili kama yule aliyeniuzia mimi nimemwambia. Nikasema nimempigia, anasema hakumbuki.

Tukasubiri kuku wapande kulala. Magharibi ilipoingia tukaingia bandani na taa ya sola, akawa ananipa mmoja mmoja, mimi nafungua. Wa kwanza safi. Wa pili safi. Wa tatu ulimi wake ulikuwa na kijivu ncha nzima, kama umechovya kwenye majivu.

"Na hawa wawili ndio halisi?"

"Sijui, mzee. Safi kwa macho. Mpaka wajaribiwe."

Tukatoka. Akamtoa jogoo kwenye boksi, akamweka chini, akamwangalia anavyotembea. Jogoo akajikung'uta, akanyoosha bawa moja, akaanza kuparua kana kwamba amezaliwa pale.

"Kama chotara, bei yake ngapi?"

Nikamwambia nimemletea, sitaki pesa. Akakataa kabisa. Jogoo wa kienyeji pale ni elfu thelathini, akasema, na elfu thelathini ndiyo atakayotoa, na mimi nitaandika. Akamwita mjukuu wake, akaleta daftari la shule na kalamu.

"Andika alivyo."

Nikaandika kwenye mwanga wa ile taa: Jogoo mmoja, miezi tisa. Chotara. Ana nakala moja ya weusi, amejaribiwa. Ana doa chini ya ulimi, upande wa kushoto. Watoto wake wasiuzwe kama halisi.

Nikatia jina langu. Mjukuu akamsomea kwa sauti. Mzee akasema nimesahau tarehe, nikaongeza tarehe. Akaichana karatasi taratibu isitatuke, akaikunja mara mbili, akaiingiza kwenye mfuko wa nailoni mlimokuwa na karatasi za shamba lake.